Uzito wa Ngoma ya Karagwe

Shujaa haishi kwa nguvu zake tu. Huishi pia kwa namna watu wanavyozipima nguvu hizo. Zamani kipimo kilikuwa kinywa cha mzee na sikio la mtoto, na aliyetaka kujua ukubwa wa shujaa alikaa karibu na moto akasikiliza. Karne ya ishirini ilileta vipimo vingine, na kimojawapo ni mchezo. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa huko Marekani mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi mezani. Mmoja wao huwa msimamizi, naye hueleza mahali na masaibu yaliyopo. Kila mmoja wa wengine huchukua nafsi ya mtu wa kubuni na kusema atafanya nini, na jambo lenye shaka huamuliwa kwa dado. Mchezo huu hauna bao la kufunga wala mshindi mmoja. Mwisho wake ni hadithi iliyotungwa na wote.

Haikuchukua muda mrefu mashujaa wa vitabu vya katuni wakaitwa mezani. Superman alikuwa ametokea mwaka 1938 na Spider-Man mwaka 1962, na wasomaji wao walitamani kuwashika mkononi. Mwaka 1981 ulitoka mchezo wa Champions, na mwaka 1984 ukatoka Marvel Super Heroes. Katika ule wa kwanza, mchezaji hupewa hesabu ya pointi, akanunua kwazo uwezo wa shujaa wake: kuruka, kuona mbali, kuvunja ukuta. Akikubali kumtwika udhaifu, kama adui wa kudumu au kiapo asichoweza kukivunja, hupata pointi zaidi. Katika ule wa pili, shujaa ana sifa saba, na kila sifa hutajwa kwa daraja lenye jina, tangu unyonge hadi uwezo usio wa dunia hii. Basi anayemhamisha shujaa kutoka kitabuni hadi mezani hana budi kuisoma hadithi kwa jicho la mwenye mizani. Huuliza: huyu aliinua nini? Alishindwa na nini? Huogopa nini?

Maswali hayo hayawafai mashujaa wote. Katuni za Kiswahili zilizopendwa sana magazetini, kama Juha Kalulu wa Edward Gitau huko Kenya na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru la Tanzania, hazikuwa na watu wa kuinua magari. Wao waliwachekesha watu kwa ujinga wenye hekima na kwa ujanja wenye hasara. Mizani ya misuli ingewapa sifuri, na sifuri hiyo isingesema lolote juu yao. Anayetafuta ajabu za nguvu katika Afrika ya Mashariki itampasa aache magazeti kwa muda, ayaendee mapokeo. Na katika mapokeo, nchi ya Karagwe ni tajiri.

Karagwe ya zamani leo imo zaidi katika wilaya mbili za mkoa wa Kagera, Karagwe na Kyerwa, maana Kyerwa ilitengwa kuwa wilaya mwaka 2012. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa, na mto Kagera huitenga na Rwanda. Mapokeo husema kwamba Ruhinda alimwondoa Nono wa ukoo wa Basiita, akaanzisha ufalme wa Bahinda. Mfalme aliyejulikana sana ng'ambo ni Rumanyika, ambaye mwezi wa Novemba 1861 aliwapokea John Hanning Speke na James Grant. Jina lake linadumu hata leo katika hifadhi ya taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyotangazwa mwaka 2019.

Speke aliandika jinsi Rumanyika alivyopata kiti. Mfalme Ndagara alipofariki, wanawe watatu walikishindania. Wakuu wa nchi wakaweka mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini iliyotiwa dawa hata ikawa nzito kwa kila asiyestahili ufalme. Ndugu zake wakashindwa kuiinua. Rumanyika akaiinua kwa kidole chake cha mwisho. Mwaka 1962, yaani miaka 101 baada ya Speke kufika Karagwe, wachoraji wa Marekani walimtoa Thor na nyundo yake, ambayo nguvu zake ni za mwenye kustahili peke yake. Si lazima kudhani kwamba mmoja alimwiga mwingine. Binadamu wa mahali pengi wamefikiri kwamba kuna kitu ambacho mkono hauwezi kukiinua bila haki.

Hapo ndipo mwenye mizani anapokwama. Ngoma hii ina uzito gani? Akiiandikia uzito mkubwa, atakuwa amesema kwamba Rumanyika alikuwa na misuli kuliko nduguze, na hadithi haikusema hivyo. Akiiandikia uzito wa unyoya, kila mchezaji ataibeba, na ufalme utakuwa wa aliyetangulia kunyoosha mkono. Akiuacha uamuzi kwa dado, ameugeuza ustahili kuwa bahati. Njia iliyo karibu na mapokeo ni kutorusha dado kabisa. Kila mshindani asimame aeleze haki yake. Wachezaji wasioshindana wakae mahali pa wakuu wa nchi. Na ngoma iwe nyepesi kwa yule ambaye baraza limemkubali. Lugha yenyewe inaiunga mkono kanuni hii, kwa kuwa katika lugha za nchi hizi engoma ni ngoma na pia ni ufalme. Aliyeinua engoma hakubeba mti na ngozi, alibeba watu.

Walakini kanuni hii inafungua mlango ambao hadithi iliufunga. Mmoja wa ndugu walioshindwa, ambaye Speke humwita Rogero, hakukubali hukumu. Alipigana na Rumanyika, na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na makao Tabora na aliyefuata pembe za ndovu hadi Karagwe, alimsaidia Rumanyika kumshinda ndugu yake. Basi msomaji ana haki ya kuuliza kilichoufanya mzigo kuwa mwepesi: dawa ya wakuu, au mkono wa mfanyabiashara? Hadithi ya ngoma ilisimuliwa katika nyumba ya mshindi. Haikuwa na haja ya kumtaja Musa, wala ya kueleza maneno aliyoyasema Rogero siku aliyoinama juu ya ngoma ikakataa kuondoka.

Mezani Rogero hawezi kunyamazishwa, kwa sababu kuna mtu aliyeishika nafsi yake. Atasema alivyotendewa. Atauliza nani alitia dawa ngomani, na kwa amri ya nani. Na yule aliyemshika Rumanyika, akiwa anacheza kwa kanuni ya pointi, atapaswa kuandika udhaifu wa shujaa wake. Aandike nini? Mfalme huyu alikuwa na deni la fadhila kwa mgeni mwenye mali. Neno hilo, ambalo simulizi la ngoma liliweza kulipita, haliwezi kupitwa katika karatasi ya mchezo, kwani bila udhaifu pointi hazitoshi. Watu wengi hulaumu hesabu kwamba huua ushairi, na mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Lakini hapa hesabu inamlazimisha mtu kusema kweli.

Pamoja na hayo, yapo mambo ambayo hesabu haina kazi nayo, na mfano wake umo katika kitabu kile kile. Rumanyika alimwambia mgeni wake kwamba mfalme mpya wa Karagwe huketi mahali maalumu, na ardhi chini yake huinuka hata ifike mbinguni. Akikubaliwa na mizimu, hushushwa polepole. Akikataliwa, kilima huporomoka ghafula naye huangamia. Yeye mwenyewe alisema amelipita jaribio hilo. Speke alikuwa mpimaji. Alipima nyota ili ajue mahali alipo, na hata alimpima kwa utepe mke wa ndugu yake mfalme. Akamuuliza Rumanyika kama huko juu kulikuwa na baridi. Rumanyika akacheka, akajibu kwamba ilikuwapo. Katika kicheko kile kuna adabu na kuna hukumu. Mgeni aliuliza juu ya hali ya hewa, ilhali mwenyeji alikuwa akizungumza juu ya kibali cha kutawala. Anayeandika kanuni za mchezo akiuliza kilima kile kilikuwa na futi ngapi, amekaa katika kiti cha Speke.

Mamlaka ya machifu ya kutawala yaliondolewa katika Tanganyika mwaka 1963, na hapana ngoma itakayomtawaza mtu leo. Kwa sababu hiyo simulizi hizi zimepoteza kazi yake ya kwanza, na jambo lisilo na kazi husahauliwa upesi. Kijana wa Kayanga au Rubwera aijuaye nyundo ya Thor kutoka katika filamu, naye hajaisikia ngoma ya Ndagara, hana kosa. Amepokea kile alichopewa. Israel Katoke aliandika historia ya ufalme huu mwaka 1975, na Josephat Rugemalira alitoa msamiati wa Runyambo kwa Kiswahili na Kiingereza mwaka 2002. Vitu vya kujengea vipo.

Mchezo unaweza kuwa jengo moja, mradi mjenzi asianze na dado. Na aanze kwa mzee, amwulize hadithi kwa Runyambo, ayaandike majina kwa Kiswahili safi, kisha amwulize swali ambalo mizani haikulitaja: nani alishindwa siku hiyo, na watoto wake husimuliaje? Akilipata jibu, ana mashujaa wawili badala ya mmoja, na mchezo wake una jambo la kuamuliwa. Asipolipata, aache nafasi tupu katika karatasi ya Rogero, na atakayeishika nafsi hiyo aseme mwenyewe mbele ya baraza.