Shahada ya uzamili ya uhasibu na paa lisilokuwepo

Kila mwaka msimu wa udahili unapofika, hunijia vijana wenye swali moja. Wa mwaka huu alinisubiri nje ya ukumbi wa mihadhara, bahasha ya vyeti kwapani. "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhasibu wa halmashauri, nina shahada ya kwanza. Nisome shahada ya uzamili, au nimalize kwanza mitihani ya Bodi?"

Jibu la haraka ninalo. Chuo kikuu hutoa shahada. Anayesajili wahasibu na wakaguzi ni Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 33 ya 1972. Mwenye shahada mbili bila CPA hawezi kujiita mkaguzi aliyesajiliwa. Isitoshe, mikopo ya serikali huelekezwa zaidi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, kwa hiyo ada ya uzamili hutoka mfukoni mwako, na mfuko wa mhasibu wa halmashauri naujua. Anayetaka cheo tu na amalize Bodi.

Nilimwambia hayo, kisha nikamwomba akae, kwa kuwa mimi mwenyewe nilifuata cheo tu.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka sita katika halmashauri moja ambayo sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kupitia hati za malipo kabla hazijafika kwa Mweka Hazina. Nilikuwa mkali. Hati isiyo na ankara niliirudisha. Isiyo na cheti cha kukamilika kwa kazi niliirudisha. Masurufu yasiyorejeshwa kwa wakati niliyakata kwenye mshahara wa aliyeyachukua, hata akiwa mkubwa wangu. Mwaka mmoja halmashauri ikapata hati inayoridhisha baada ya kupata hati yenye shaka miaka miwili mfululizo. Madiwani walipiga makofi, mbuzi wakachinjwa, nami nikaitwa mbele kupongezwa. Mwaka uliofuata nikapewa ruhusa ya masomo.

Tasnifu yangu ilipangwa kuwa nyepesi: mchango wa mifumo ya kompyuta katika ubora wa taarifa za fedha za halmashauri. Msimamizi wangu alikuwa mama mtu mzima, mpole wa sauti, ambaye hakuwahi kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Alisoma pendekezo langu hadi mwisho, akavua miwani.

"Umeandika kwamba taarifa bora ni ile inayowakilisha hali halisi."

"Ndiyo, profesa." Vitabu vyote vinasema hivyo.

"Katika miaka yako sita, umepitisha hati ngapi za majengo ambayo hukuyaona?"

Sikuwa na jibu. Yaani jibu nilikuwa nalo: zote. Gari la idara lilikuwa moja, mafuta yalikuwa ya shida, na kwenda kuangalia majengo haikuwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa viambatisho.

Hapa naomba msomaji asiye mhasibu anivumilie, maana jambo hili linatugharimu kama taifa. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, aliyepewa jukumu hilo na Ibara ya 143 ya Katiba, hutoa maoni yake juu ya hesabu za kila halmashauri. Magazeti huandika nani kapata hati safi na nani kapata chafu. Hati inayoridhisha maana yake ni kwamba taarifa za fedha, kwa mambo yote ya msingi, zimeandaliwa kwa kufuata viwango. Mkaguzi huchukua sampuli. Hawezi kupitia kila karatasi. Hutoa uhakika wa kuridhisha, si uhakika kamili. Hati hiyo haisemi kwamba hakuna aliyeiba. Haisemi kwamba dawa zilifika, wala kwamba bei ya saruji ilikuwa halali. Kwa maswali ya namna hiyo upo ukaguzi wa ufanisi, ambao Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 inauruhusu, lakini ripoti zake hazichinjiwi mbuzi na wachache huzisoma. Diwani anayesimama jukwaani na kusema "tumepata hati safi, kwa hiyo fedha zenu ziko salama" anasema kitu ambacho mkaguzi hakukisema. Nami niliyekuwa nimeketi nyuma yake nikipiga makofi nililijua hilo, kwa sababu nililifanyia mtihani.

Nikabadili mada. Nilirudi kwenye halmashauri yangu na barua ya chuo, nikachagua miradi 12 iliyolipwa katika ule mwaka wa mbuzi, nikaenda kuitazama mmoja baada ya mwingine, kwa bodaboda na kwa miguu. Mweka Hazina, aliyekuwa amenisainia ruhusa kwa furaha, aliacha kuitikia salamu zangu siku ya pili.

Miradi tisa ilikuwapo kama ilivyoandikwa. Mitatu haikuwa hivyo. Mmoja wa hiyo mitatu ulikuwa zahanati ambayo paa lake lilikuwa limelipiwa lote. Wanakijiji walikuwa wamechanga mawe na mchanga na kuinua kuta wenyewe. Sehemu ya serikali ilikuwa paa. Kuta zilikuwa zimeanza kumomonyoka kwa mvua na ndani mlikuwa mmeota mpapai uliokwisha kuzaa. Mzee aliyenionyesha aliniuliza kama ndiyo tumeleta mabati.

Nilikuwa na nakala ya hati ya malipo kwenye mkoba. Ankara ilikuwapo. Cheti cha kukamilika kwa kazi kilikuwapo, kimetiwa saini na kugongwa muhuri. Mahali palipoandikwa "Imekaguliwa na" palikuwa na saini yangu. Na kwa kuwa viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma vinataka mali iorodheshwe, lile paa lilikuwa limo kwenye mizania ya halmashauri, ndani ya mstari wa majengo.

Nilifikiria kuuacha mradi ule na kuchagua mwingine. Sampuli ni yangu, nani angejua? Nilikaa nao wiki mbili. Hatimaye niliuandika kama Mradi Na. 7, bila jina la kijiji, na nikapeleka maelezo kwa mkaguzi wa ndani, ambaye aliyapokea bila kuniangalia usoni. Siku ya kutetea tasnifu, mtahini kutoka nje aliuliza kama nimemhoji aliyekagua hati ya Mradi Na. 7. Nikasema ni mimi. Akaandika kitu, akafungua ukurasa mwingine. Nilifaulu kwa masharti ya kufanya marekebisho, mengi yake ya tarakimu na nafasi za aya.

Zahanati iliezekwa miaka miwili baadaye. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, kwa hiyo sijipi sifa. Aliyetia saini cheti cha kukamilika kwa kazi alihamishiwa wilaya nyingine kwa cheo kilekile. Mimi nilipandishwa daraja kwa sababu ya shahada, kama nilivyokuwa nimekusudia tangu mwanzo, nikakaa mwaka mmoja na nusu, kisha nikaomba kazi ya kufundisha.

Kijana yule alisikiliza yote hayo kwa adabu. Alipoinuka aliuliza, "Kwa hiyo mwalimu, nisome au nisisome?"

Nilimwambia amalize Bodi kwanza. Baada ya hapo, kama bado atataka kusoma, aje na orodha ya hati kumi alizozipitisha mwaka huu na tarehe aliyokwenda kuona kila kazi iliyolipiwa. Hiyo ndiyo itakayokuwa sura yake ya kwanza. Aliandika kwenye simu yake, akashukuru, akaondoka. Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa.