Darasa la Jioni, Zamu ya Usiku

Mpwa wangu, uliposema unataka kurudi shule bila kuacha kazi ya wodini nilicheka, lakini usidhani nilikubeza. Nilikumbuka tu sura zetu sisi wa darasa la jioni, wanaume kwa wanawake waliokwisha kuwa na watoto, tunaingia pale Kigali Health Institute, KHI, huku njaa inauma na nguo zinanuka javeli. Mama mmoja, mkunga wa siku nyingi, alikuwa akivua viatu chini ya dawati na kusinzia macho wazi. Mwalimu akimuuliza swali anajibu bila kukosea, kisha anaendelea kusinzia. Sijui alifanyaje. Alitushinda wote.

KHI ilianzishwa mwaka 1996, na ukitaka kuelewa ile haraka ya kuianzisha ilitoka wapi, fikiria wodi zilivyokuwa baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Wauguzi wengine waliuawa, wengine walikuwa wakimbizi Goma au Ngara. Waliobaki na waliorudi walishika wagonjwa kwa elimu waliyokuwa nayo, na wengi ilikuwa A2, yaani ya sekondari. Juu yake kulikuwa na A1, ile diploma, na juu kabisa A0, shahada. Ngazi ya ajabu: unapanda namba inashuka. Mimi nilikuwa A1 nikiitafuta hiyo sifuri, na katika masomo yote lililoniwasha moyo ni lile la wagonjwa mahututi.

Nilikuwa nakaa Biryogo, kule Nyamirambo, unakujua, ambako hata wauza nyanya wanakupigia bei kwa Kiswahili. Moto, yaani pikipiki ya abiria, kutoka kazini hadi chuoni ilikuwa faranga 300 ukijua kubembeleza, 500 mvua ikinyesha, kwa hiyo nilizoea kutembea. Sambusa mlangoni faranga 100, chai ya maziwa yenye tangawizi karibu hiyo hiyo. Kilichotumaliza mifuko ni fotokopi. Vitabu vya wagonjwa mahututi vilikuwa vichache, vyenyewe vya Kimarekani, vizito, basi kimoja kinazunguka darasa zima na kila mtu ananakili sura yake usiku kwenye kibanda kilichojaa harufu ya wino na karatasi ya moto.

Halafu ikaja Oktoba 2008. Baraza la mawaziri likaamua shule zifundishe kwa Kiingereza. Redioni ilikuwa Obama asubuhi na jioni, na sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tangu utotoni tukajikuta tunatafuta majina mapya ya mifupa tunayoijua. Mwaka mmoja nyuma Rwanda ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata ikaingia Jumuiya ya Madola, kwa hiyo uamuzi ule haukutoka hewani. Lakini kwetu ulimaanisha mtihani. Hapo ndipo Kiswahili cha Biryogo kiliponipa ulaji: mwalimu akitoka Uganda au Kenya, wenzangu wananizunguka wakati wa mapumziko niwafafanulie kwa Kinyarwanda alichosema, nami nikikwama namfuata mwalimu, tunamaliza kwa Kiswahili. Nililipwa kwa sambusa.

Jioni moja tulisimuliwa habari ya Copenhagen, mwaka 1952. Polio ilikuwa imewalemaza watu vifua, hawawezi kuvuta pumzi, na mashine za wakati ule hazikutosha. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akashauri mgonjwa atobolewe koo, atiwe mpira, na mtu akae kando yake akiminya mfuko wa hewa kwa mkono. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka 12. Baada yake waliitwa wanafunzi wa udaktari, mamia kwa mamia, wakaminya kwa zamu mchana na usiku kwa miezi, na vifo vikapungua sana. Wodi za wagonjwa mahututi za leo zina asili yake katika vyumba vile.

Nilitoka darasani nikaenda zamu ya usiku. Hospitali siitaji. Saa saba na kitu umeme ukakatika, na jenereta likakohoa likanyamaza. Mashine ya kupumulia ikaanza kulia, betri yake imechoka siku nyingi. Kijana aliyelazwa pale aligongwa na gari, fahamu zake kwenye kipimo cha Glasgow zilikuwa tano, na chini ya tatu hakuna hesabu. Nikamchomoa kwenye mashine, nikaunganisha ambu, ule mfuko wa hewa wa mkono, nikaanza kuminya. Minya, achia, hesabu, tazama kifua. Ukiminya haraka unamdhuru, ukichelewa unamuua. Mwenzangu alishika tochi ya simu kwa meno huku akisoma mtungi wa oksijeni na kupiga hesabu tuliyofundishwa: hewa iliyobaki, ukigawa kwa lita zinazotoka kila dakika, inafika saa ngapi? Kulikuwa na jasho, spiriti, na moshi wa dizeli uliotuambia nje kuna mtu anahangaika na jenereta. Vidole vilikufa ganzi tukapokezana. Umeme uliporudi tulimwinua kichwa nyuzi 30, tukamnyonya makohozi, tukaandika kila kitu kwenye chati, saa kwa saa.

Yule kijana alitoka wodini akiwa hai. Yaliyompata baadaye sikuyafuatilia. Ila asubuhi ile daktari kijana alipokuja akataka kupandisha ujazo wa hewa, nilimwambia hapana, kwa uzito unaokadiriwa kutokana na urefu wake mililita sita kwa kila kilo zinatosha, na nikamweleza kwa nini. Alinitazama kwa muda, kisha akabadilisha. Kabla ya darasa la jioni nisingefungua mdomo. Mshahara, mwanangu, ulichelewa sana kuufuata ule ujasiri.

Waliotufuata walikuta njia laini zaidi. Mwaka 2012 walianza kuja wahadhiri wa vyuo vya Marekani katika mpango mkubwa wa serikali wa kukuza wataalamu wa afya, mwaka 2013 KHI ikamezwa na Chuo Kikuu cha Rwanda, na 2015 ikaanza shahada ya uzamili ya uuguzi yenye mkondo wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Korona ilipotufikia Machi 2020, na dunia nzima ikagombania mashine za kupumulia, walikuwapo Wanyarwanda waliofundishwa hapa hapa kuzitumia. Mashine bila mtu wa kuikodolea macho ni sanduku la bei kubwa.

Sasa wewe, kabla hujasaini fomu, kaonane na mpangaji wa zamu. Mwombe akupe usiku zile siku za darasa lenyewe, usikimbilie za mapumziko. Atakushangaa. Mwambie mjomba ndiye kanituma.