Siku Obuya Alipowazungusha Sri Lanka

Mpanda tuliyokulia sisi ilijua mpira mmoja tu, wa miguu. Tulikuwa bado Mkoa wa Rukwa. Katavi kama mkoa ilikuja 2012. Reli ya kutoka Kaliua ilituletea wageni na habari za mbali, lakini kriketi haikushuka kamwe pale stesheni. Kwa hiyo vijana wa mtaani wanaponiuliza niliujulia wapi mchezo huo, huwaambia: Nairobi, mwaka 2003, kupitia kijana mmoja aitwaye Collins Obuya.

Nilikuwa fundi seremala. Niliondoka nyumbani kwa treni hadi Tabora, nikaunganisha ya Mwanza, kisha basi kupitia Sirari. Nairobi nikapata kazi kwenye karakana ya samani ya mzee mmoja wa Kihindi aliyeipenda kriketi kupita kiasi. Gongo lake la ujanani lilitundikwa ukutani juu ya randa na misumeno. Siku aliponiruhusu kulishika nilistaajabu. Mimi nilizoea mninga wa kwetu, mzito na mwekundu. Mti huu ulikuwa mweupe na mwepesi, ila mpira ukiugonga unaruka kama umefukuzwa. Hapo hapo, tukiwa tumekaa juu ya rundo la mbao, akanifundisha sheria: mrushaji na mpigaji, vijiti vitatu vya kulindwa, mipira sita ndiyo ova moja, mikimbio ndiyo pointi, na mpigaji akitolewa wiketi imeanguka.

Kombe la Dunia la mwaka ule lilichezwa Afrika Kusini, na mechi chache zikapewa Zimbabwe na Kenya. New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama, pointi wakapewa Kenya. Wengi wakasema Kenya wanabebwa. Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa 1996, wao walikuja. Jumatatu ya tarehe 24 Februari mzee akafunga karakana mapema. "Fundi, leo mbao zipumzike," akaniambia. "Twende uwanja wa Gymkhana."

Kenya walitangulia kupiga. Kennedy Otieno, kaka yake Collins, alikusanya mikimbio 60, lakini wenzake wengi hawakudumu. Ova 50 zilipokwisha walikuwa na 210, wiketi 9 zimeanguka. Mzee akatikisa kichwa. Kwa wapigaji wa Sri Lanka, alisema, hiyo ni mikimbio ya kumaliza kabla ya chai.

Kisha nahodha Steve Tikolo akampa Collins mpira. Alikuwa na miaka 21, mwembamba, na magazeti yaliandika baadaye kwamba alikuwa muuza nyanya. Hakuwa mrushaji wa kasi. Yeye aliuzungusha mpira kwa kifundo cha mkono, ufundi aliouiga kwa Mushtaq Ahmed wa Pakistan. Mpira ulikuja taratibu, mpigaji akauona vizuri, akajiandaa. Ulipogusa ardhi ukageuka upande asioutegemea. Mahela Jayawardene akatoka. Kumar Sangakkara akatoka. Aravinda de Silva, ambaye mzee alikuwa amenisimulia sifa zake njia nzima, naye akatoka. Kila mmoja alipoondoka uwanja ulizidi kupiga kelele, hadi sauti ya mzee aliyekaa ubavuni mwangu sikuisikia tena.

Collins alirusha ova 10, akatoa mikimbio 24 tu na kuangusha wiketi 5. Sri Lanka waliishia 157. Kenya ilishinda kwa mikimbio 53, na habari ya kubebwa ikafa siku ile ile.

Timu hiyo ikaenda hadi nusu fainali, nchi ya kwanza isiyo na hadhi ya kucheza mechi za Test, zile za siku tano, kufika hapo, ikafungwa na India mjini Durban tarehe 20 Machi. Klabu ya Warwickshire ya Uingereza ikamsajili Collins. Karakana nzima tulishangilia tukiamini kijana ameshatoka kimaisha.

Hakudumu Uingereza. Nyumbani nako mambo yakaharibika: wachezaji na viongozi wakavutana kuhusu malipo, hata wachezaji wakagoma, na mechi za kimataifa zikapungua. Ule mzunguko wa mpira uliompa jina nao ukafifia. Hapo ndipo wachezaji wengi huacha. Collins akageukia kupiga, kazi ambayo siku ile Gymkhana ilikuwa ya kaka yake. Machi 2011, mimi nikiwa nimesharudi Mpanda, alipambana na Australia mjini Bangalore kwenye Kombe la Dunia, akamaliza na mikimbio 98 bila kutolewa. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Yeye akaendelea kuvaa jezi ya nchi yake, na aliagana nayo Machi 2024 baada ya Michezo ya Afrika mjini Accra.

Nimekuwa fundi maisha yangu yote, na najua ugumu wa kujifunza kazi upya watu wakiwa wameshakusifia ile ya kwanza. Ndiyo maana nikimtaja Collins sitaji zile wiketi 5 peke yake. Nataja miaka zaidi ya 20 iliyofuata.

Mwaka 2025 vijana wetu wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la kriketi la rika lao. Nilifurahi kama nilivyofurahi Gymkhana. Lakini kufuzu ni mwanzo wa kazi. Wanahitaji mechi za mara kwa mara, makocha, malipo yanayofika kwa wakati, na mtu wa kuwashika mkono kipaji cha kwanza kikilegea. Collins alivuka sehemu kubwa ya njia hiyo kwa ukaidi wake mwenyewe. Wa kwetu wasiachwe waivuke peke yao.