Chandarua Kinachotembea Juu ya Waya

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za askari chumba kimoja hufanya kazi ya vyumba vitatu. Asubuhi ni sebule, alasiri ni mahali pa watoto kuandikia masomo yao, na usiku ni chumba cha kulala. Katika chumba cha namna hiyo chandarua hakina makao. Mchana huziba njia, kwa hiyo hukunjwa na kufungwa juu. Usiku hutakiwa kishuke, na hapo ndipo uzembe unapopata nafasi. Leo nataka kueleza jinsi uzembe huo ulivyokaribia kuninyang'anya mtoto, na jinsi waya mbili zilivyonirudishia usingizi.

Mwaka 2019 nilikuwa askari polisi katika Koboko, mji ulio karibu na mipaka ya Kongo na Sudani Kusini. Tulipanga chumba cha matofali ya udongo, mimi na mke wangu na watoto watatu. Chandarua chetu kilishikwa na kamba nne kwenye misumari minne. Kila asubuhi kilikunjwa na kufungwa fundo karibu na dari. Kila jioni mtu alilazimika kupanda juu ya kiti, kulifungua fundo lile na kuzifunga upya kamba zote. Kazi hiyo nilimwachia mama watoto, nikijiambia moyoni kwamba mambo ya kitanda ni ya wanawake.

Mwezi wa Agosti, mvua zikiwa nyingi, mke wangu alikwenda Arua kumwuguza mama yake kwa majuma matatu. Mdogo wake alikuja kuwatazama watoto. Mimi nilirudi kazini usiku, nimechoka, nikawakuta watoto wamekwisha lala. Nilijisemea kwamba nikipanda kiti nitawaamsha. Basi chandarua kikabaki juu kama kifurushi cha msafiri, nasi tukalala chini yake tukiumwa na mbu.

Malaria haijitokezi siku ile ile mtu aumwapo na mbu. Hukaa mwilini kimya kwa siku 7 au zaidi. Katika juma la tatu binti yetu mdogo, mwenye miaka mitatu, alishikwa na homa. Usiku wa manane alianza kukakamaa mikononi mwangu, macho yamegeuka. Nilimkimbiza kwa pikipiki hadi kwa daktari. Damu ilipopimwa, malaria ilionekana. Mtoto alipokwisha tulia, daktari aliniuliza, "Afande, chandarua mnacho?" Nikajibu kwamba tunacho. Akauliza tena, "Kinashuka?" Sikuwa na jibu.

Mke wangu aliporudi hakunigombeza. Alisimama akatazama juu ya kitanda kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Baba, fundo hili nililifunga mimi asubuhi niliyoondoka." Msomaji mpendwa, nimekaripiwa na wakubwa wengi katika utumishi wangu, lakini hakuna karipio lililonichoma kama maneno yale.

Hapo niliazimia kwamba chandarua kitashushwa kwa mkono mmoja, hata na mtoto. Nilinunua waya, nikazifunga kwenye misumari kutoka ukuta hadi ukuta, nikapitisha pete za pazia. Kwa kujivunia nguvu zangu nilizikaza kwa koleo hata zikalia kama nyuzi za zeze. Usiku wa nne misumari iling'oka pamoja na udongo wa ukuta, na vyote vikatuangukia.

Fundi seremala mmoja, mzee wa Koboko, alikuja kutazama. Hakuzungumza mengi. Alichukua kamba, akanipa ncha moja, naye akashika ya pili, na katikati akatundika jerikeni ya maji ya lita 5. "Mwanangu, wewe una nguvu," alisema. "Haya, ivute mpaka inyooke kabisa." Nilivuta hadi mikono ikatetemeka, na kamba haikunyooka. Kila ilipokaribia kunyooka, ilinivuta zaidi. Mzee akacheka, akasema, "Ukuta nao huumia hivyo hivyo."

Siri yenyewe ni hesabu rahisi. Tuseme uzito wa kilo 2 unaning'inia katikati ya waya wa mita 3. Waya ukiachwa ulegee sentimita 10 katikati, kila ukuta huvutwa kwa nguvu ya kilo 15 hivi. Ukikazwa mpaka ulegee sentimita 2 tu, nguvu hiyo hupanda kufikia kilo 75, yaani uzito wa mtu mzima. Mzigo ni ule ule. Kinachoua ukuta ni ukaidi wa kutaka waya unyooke.

Tukaanza upya, kwa idhini ya mwenye nyumba. Tulitoboa ukuta, tukapitisha bolti ndefu zenye tundu kichwani, na upande wa nje tukaweka kipande cha ubao mgumu chini ya nati, ili mvuto ugawanyike juu ya matofali kadhaa. Tulitumia waya wa chuma uliosukwa, usioshika kutu, tukaacha ulegee sentimita 10. Waya zilikuwa mbili, zikienda sambamba, zikiachana kwa upana wa chandarua. Tuliziweka juu ya mita 2 kutoka sakafuni, kwa maana waya ulio kimo cha shingo ni hatari kwa apitaye gizani. Kila waya ulipewa pete tatu, na kila pete ikashushiwa kamba fupi ya kushika chandarua, kwa urefu uliowezesha pindo la chini kuingia chini ya godoro. Pete za kichwani mwa kitanda zilifungwa zisitembee, zilizobaki ziliteleza. Asubuhi chandarua husukumwa ukutani kama pazia, na jioni huvutwa. Kazi yote haizidi muda wa kuvua viatu.

Niongeze machache yafaayo kila nyumba. Chandarua kipya chenye dawa kianikwe kivulini siku moja kabla ya kutumiwa. Kikichafuka kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kianikwe tena kivulini, kwa kuwa jua kali hudhoofisha dawa yake. Kitundu kishonwe siku hiyo hiyo kionekanapo. Tena wanaume wenzangu wasidhani kwamba mambo haya si ya askari. Ronald Ross, aliyegundua mwaka 1897 kwamba mbu hubeba viini vya malaria, alikuwa daktari wa jeshi huko India. Adui huyu anajulikana siku nyingi. Kinachopungua ni lindo.

Baadaye nilihamishiwa Arua, mji uliofanywa jiji tarehe 1 Julai 2020. Nilipofungasha vyombo, waya na bolti zilikuwa za kwanza kuingia sandukuni. Matundu ya ukuta wa Koboko niliyaziba mwenyewe kwa udongo. Katika chumba chetu kipya binti yule, ambaye sasa husoma shule, ndiye avutaye chandarua kila jioni. Pete zikilia juu ya waya, wadogo kwa wakubwa hujua kwamba saa ya kulala imefika.

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Mimi nimejifunza kwamba kinga iliyo ngumu kutumia huishia kufungwa fundo darini. Kwa hiyo, ndugu yangu, usiku wa leo urudipo kutoka lindo, usiulize kama nyumbani kuna chandarua. Tazama kama kimeshuka, na kama hakikushuka, kishushe wewe.