Shanta Langu na Mkoba wa Babu

Huenda wewe, msomaji, ukadhani kwamba kufunga shanta ni kazi isiyohitaji mafunzo. Nami nilidhani hivyo nilipokuwa katika chuo cha ualimu, ingawa nililelewa na mwindaji.

Babu yangu aliwinda kwa upinde katika nyika za Ukambani, miaka mingi kabla ya serikali kupiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977. Mkoba wake wa ngozi ulibaki ukining'inia ukutani, nasi wajukuu tuliruhusiwa kuupekua. Chini mlikuwa na kamba. Juu, karibu na mdomo, vijiti vya kupekechea moto vilivyoviringishwa katika ngozi visipate unyevu. Kisu hakikuwamo kamwe: mahali pake palikuwa kiunoni. Hata vyembe vya mishale vilivikwa ngozi laini, ili sumu isikauke wala isimdhuru mwenyewe. Siku moja nilimwuliza mbona mkoba ni mdogo hivyo. Akajibu, "Mjukuu wangu, aendaye na mzigo atarudije na nyama?" Nilicheka, nikasahau.

Mwaka wa pili chuoni tulikata shauri, vijana sita pamoja na kiongozi wa njia, kuupanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, tukikusudia kufika Lenana, kilele chenye urefu wa mita 4,985. Niliazima shanta kubwa kuliko yote yaliyopatikana, nikaona fahari. Kosa la kwanza ndilo hilo, kwa maana shanta kubwa humwita mwenyewe alijaze. Nikatia sufuria, viazi, hata vitabu viwili, mwalimu ni mwalimu! Sweta na blanketi, vitu laini, nilivitanguliza chini kabisa. Mzigo ukafika kilo 18, nami nina kilo 60. Tena shanta lilikuwa refu kuliko mgongo wangu. Mkanda uliopasa kukaza nyonga uliteremka mapajani, na uzito wote ukaangukia mabega.

Siku ya pili, tulipokwisha kuupita msitu na kuingia katika matope yale mashuhuri ya mteremko, mvua ya barafu ilitushukia. Mwenzangu mmoja alikuwa amevaa shati tu. Alianza kutetemeka, baadaye akaacha kutetemeka, akawa anasema maneno yasiyoeleweka. Kiongozi akapaza sauti, "Sweta kavu, upesi!"

Ninalo, nikasema. Lakini lilikuwa wapi? Chini ya viazi, chini ya sufuria, chini ya vitabu. Nilipiga magoti matopeni, nikatoa kitu kimoja kimoja kwa vidole vilivyokufa ganzi, na mvua ikaingia katika mdomo wa shanta kama imealikwa. Sweta lilipotoka lilikuwa limelowa, na blanketi vilevile. Kiongozi hakunilaumu. Alivua koti lake, akamfunika mgonjwa, tukamshusha tukimshikilia huku na huku hadi kituo cha chini, penye moto na chai.

Alipona. Lenana hatukuiona mwaka ule.

Siku hizi shanta langu ni dogo, nalo hukaa sawa mgongoni. Vizito huvilaza katikati, karibu na uti wa mgongo. Sweta na koti la mvua vipo juu, ndani ya mfuko usiopenya maji. Rafiki yule hupanda nami bado. Kabla hatujaondoka huja, bila kusema neno, akafungua shanta langu na kutia mkono ndani.