Rafu Hujazwa na Anayedai

Wiki hii tawi letu la maktaba, huku mashariki mwa Toronto, lina mambo haya: Jumatatu asubuhi nyimbo na hadithi kwa watoto ambao hawajaanza shule, Jumanne jioni mazungumzo ya Kiingereza kwa wageni, Jumatano mtu wa kukusaidia kuandika wasifu wa kuombea kazi, Alhamisi kundi la wafumaji, wengi wao bibi wa Kitamil na wa Kifilipino, ambao nadhani huja kwa ajili ya umbea kuliko sweta, Jumamosi mazoezi ya mtihani wa uraia. Ikifika Machi na Aprili huongezeka watu wa kujitolea wanaowajazia wenye kipato kidogo fomu za kodi. Ratiba imebandikwa mlangoni, na sijawahi kuona humo tangazo linalosema tu, "Njooni msome." Wanaamini mtu akishaingia ndani, kusoma kutakuja kwenyewe.

Jiji hili lina matawi 100 ya maktaba ya umma. Kadi ni bure kwa mkazi. Faini za kuchelewesha vitabu zilifutwa kwa watoto mwaka 2021 na kwa watu wazima mwaka 2022. Zaidi ya vitabu unaweza kuazima kifaa cha intaneti cha kupeleka nyumbani, tiketi ya kuingiza familia makumbusho, na katika baadhi ya matawi hata gitaa au fidla. Kwa familia za Wakongo zilizokaa miaka Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Kanada, mara nyingi hapa ndipo mahali pa kwanza pa umma wanapozoea. Katika baadhi ya matawi hukaa watumishi wanaolipwa na serikali kuu kuwasaidia wageni: shule gani kwa mtoto, daktari gani, fomu ipi. Nje baridi inaweza kushuka nyuzi ishirini chini ya sifuri, na ndani mtu anaweza kukaa tangu asubuhi mpaka jioni bila kuulizwa amenunua nini. Kwa mwenye nyumba yake na gari lake hilo ni jambo dogo. Kwa aliyepanga chumba cha chini ya nyumba ya watu na wanawe watatu, hiyo ndiyo sebule yake.

Uzito wa jambo hili ulionekana vizuri maktaba ilipopatwa na janga. Tarehe 28 Oktoba 2023 wadukuzi waliingia kwenye mifumo yake, wakaiba taarifa za wafanyakazi wa sasa na wa zamani zinazorudi nyuma hadi mwaka 1998, wakadai fedha. Maktaba ilikataa kulipa. Tovuti ikazima, kompyuta za wateja zikazima, orodha ya vitabu ikawa haifunguki. Milango haikufungwa. Wakutubi waliendelea kuazimisha vitabu kwa kuandika, kama zamani. Tatizo likawa vitabu vinavyorudishwa: bila mfumo haikuwezekana kuvipokea na kuvipanga upya, basi vikapakiwa kwenye matrela mpaka vikakaribia milioni moja. Ilipita miezi, tukaingia mwaka 2024, ndipo vilipoanza kurudi rafuni.

Nilichokiona katika miezi ile ni kwamba waliolia zaidi hawakuwa wasomaji wa riwaya. Msomaji wa riwaya alichukua alichokikuta rafuni akaenda zake. Aliyeumia ni yule ambaye kompyuta ya maktaba ndiyo kompyuta yake pekee: anayefuatilia ombi lake la ukimbizi, anayetafuta kazi, mwanafunzi mwenye insha ya kuwasilisha na asiye na mashine ya kuchapia. Na bado saa ya hadithi iliendelea, kwa sababu hadithi haihitaji mfumo. Mkutubi, kitabu na watoto sakafuni vilitosha.

Nyumbani huwa tunasema hawa wenzetu wana maktaba kwa sababu wana pesa. Pesa wanazo, sikatai. Lakini pesa hizohizo zilikaribia kuondolewa. Mwaka 2011 meya Rob Ford alikuwa ameingia madarakani kwa ahadi ya kubana matumizi ya jiji, na washauri waliokodiwa wakataja kufunga baadhi ya matawi miongoni mwa mambo yanayoweza kuokoa fedha. Mwandishi Margaret Atwood akawahimiza watu kutia saini waraka wa kupinga, na makumi ya maelfu wakatia. Ndugu yake meya, diwani Doug Ford, akadai eneo lake lina maktaba nyingi kuliko mikahawa ya Tim Hortons, jambo ambalo waandishi wa habari walilihesabu wakakuta si kweli. Akasema pia kwamba hata Atwood akipita mbele yake hatamtambua. Mwishoni mwa Julai kamati ya meya ikasikiliza wananchi mchana kutwa, usiku kucha, mpaka asubuhi. Kila mmoja alipewa dakika chache. Usiku huo binti wa miaka 14 kutoka Scarborough alisimama akalia mbele ya madiwani akitetea maktaba ya mtaani kwao.

Matawi ya mitaani yalibaki. Doug Ford leo ni waziri mkuu wa jimbo la Ontario, kwa hiyo usinielewe kwamba wananchi walimmaliza. Ninachotaka tukione ni kile kilio cha usiku. Wazee wetu walisema mnyamaa kadumu. Huenda ni kweli katika ndoa. Katika bajeti ya jiji, mnyamaa hupunguziwa.

Sasa twende Dar es Salaam. Jengo la Maktaba Kuu ya Taifa lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sherehe ya Uhuru, na tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Bodi ya huduma za maktaba ilikuwa imekwishaundwa kwa sheria ya mwaka 1963, wakati nchi changa ilikuwa na shida nyingine elfu za kutumia fedha. Baadaye kampeni ya kisomo ya miaka ya 1970 ilizaa maktaba za vijiji na gazeti la Kanda ya Ziwa lililoitwa Elimu Haina Mwisho, lililoandikwa kwa ajili ya mtu aliyejua kusoma jana tu. Kwa hiyo anayesema maktaba ni utamaduni wa Wazungu tulioletewa, hajui historia ya nchi yake. Kizazi kile kilijua kwamba mtu mzima akishafundishwa kusoma asipopata cha kusoma atasahau.

Kilichobaki leo ni kitu cha namna nyingine. Juzi nilizungumza na mpwa wangu anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Uko wapi, mbona kimya hivyo?"

"Nimetoka nje ya maktaba kupokea simu. Ndani hawataki."

Nikamuuliza anasoma kitabu gani. Akacheka. Madaftari ni yake, mitihani ya miaka iliyopita amepiga kopi mwenyewe. Maktaba anaifuata kwa ajili ya meza, feni na utulivu, kwa sababu nyumbani kuna wadogo zake na redio ya jirani. Analipa kiingilio, anaacha begi mapokezi, anakaa mpaka jioni. "Mjomba, ukichelewa asubuhi hupati kiti."

Hupati kiti! Nimeliwaza sana neno hilo, maana wengi wetu tulio ughaibuni tukikutana kwenye nyama choma za Julai hurudia wimbo mmoja: Waswahili hawasomi, ukitaka kumficha Mwafrika kitu kiweke kitabuni. Ni maneno ya kejeli, na kiti cha mpwa wangu kinayakanusha. Watu wanakwenda. Wanalipa ili waingie, jambo ambalo sisi huku hatulifanyi. Ila wanakwenda kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukiisha hawana sababu ya kurudi. Mlangoni hakuna ratiba ya kumwambia Jumamosi ijayo kuna mwandishi atakayezungumza, au mzee wa kutoa vitendawili kwa watoto, au mtu wa kukuonyesha jinsi ya kusajili biashara yako. Mpwa wangu atafaulu inshallah, ataiacha meza, na hapo mwisho wa habari yake na maktaba.

Na sisi wa huku, dawa yetu ni ileile miaka yote: kontena. Kila baada ya muda hupita mchango kwenye makundi ya simu. Shule za hapa zimebadilisha mitaala, maktaba zimeondoa vitabu vya zamani, watu wamesafisha maghala ya nyumba zao. Basi tukusanye, tupakie, tupeleke nyumbani. Picha hupigwa, keki hukatwa. Kisha mzigo unafika bandarini, unakaa, gharama za uhifadhi zinapanda, na anayeugomboa ni mwalimu mkuu asiye na fungu hilo. Maboksi yakifunguliwa hutoka vitabu vya sheria za kodi za jimbo fulani la Marekani, ensaiklopidia zilizochapishwa kabla ya Sudan Kusini kuzaliwa, na hadithi za watoto wanaotengeneza watu wa theluji. Vichache vinafaa, nakiri. Lakini mtoto wa Handeni anayejifunza herufi kwa Kiswahili haombi hivyo. Fedha za kusafirisha kontena moja, zikitumika Dar, zingenunua vitabu vya Kiswahili kutoka kwa wachapishaji walioko palepale, ambao wanakufa kwa kukosa wanunuzi. Msaada wa kontena unamnyima soko mchapishaji wetu na kumpa mtoto wetu kitabu asichokihitaji. Siuungi mkono tena, na mchango ukipita kwenye kundi langu nitasema hivyohivyo.

Ukitaka mfano wa njia nyingine, watazame Wakenya. Jijini Nairobi iko maktaba ya McMillan, iliyojengwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya tajiri mlowezi, na kwa miaka zaidi ya ishirini na tano Mwafrika hakuruhusiwa kuazima humo kitabu. Ina nguzo kubwa na simba wa mawe mlangoni. Mwaka 2017 wanawake wawili, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka, walianzisha taasisi ya Book Bunk, na mwaka uliofuata wakaingia mkataba na serikali ya kaunti kuikarabati McMillan pamoja na matawi yake mawili. Kilichonivutia ni mahali walipoanzia. Jengo la simba ndilo linalopigwa picha na lingewaletea wafadhili upesi, lakini walitangulia kutengeneza matawi ya mitaani, Kaloleni na Makadara, wanakoishi watoto watakaoyatumia. Wakaweka vitabu vya waandishi wa Kiafrika, wakaweka shughuli. Yaani waliweka ratiba mlangoni.

Nimalizie na huku tulipo, maana ni rahisi kuwapangia wa nyumbani. Katika tawi letu kuna rafu za Kitamil, Kichina na Kigujarati, zimejaa. Ya Kiswahili haipo. Niliwahi kumuuliza mkutubi sababu, akaniuliza nami swali la haki kabisa: ni wangapi wameomba? Ipo fomu kwenye tovuti ya maktaba ya mtu yeyote mwenye kadi kupendekeza kitabu kinunuliwe. Watamil wanaijaza. Bibi wa Alhamisi wanaijaza. Sisi tuna vyama vya Watanzania, vya Wakenya, vya Wakongo, tuna vikao vya harusi na vya misiba, na bado rafu hiyo hakuna aliyeiomba. Halafu tunanung'unika nyumbani kwamba watoto wetu wanatujibu kwa Kiingereza.

Vitabu vipo. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na riwaya yake Paradise imetafsiriwa na Dkt. Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, ikachapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022. Anza na hicho. Unesco imeitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Nenda mapema kwa mkutubi wa tawi lako, iwe Toronto, Birmingham au Columbus, umwambie siku hiyo wewe au mama yako aliyekuja kukutembelea mtatoa hadithi kwa Kiswahili saa ya watoto. Mama atafurahi, maana amechoka kutazama theluji na televisheni. Na wewe uliye Dar, Mombasa au Bujumbura, mtihani ukiisha usirudishe kadi: muulize msimamizi wa maktaba Jumamosi kuna nini, na akikujibu hakuna kitu, mpelekee diwani wako swali hilohilo kabla bajeti haijapita.