Pindo Likipiga Mawimbi

Huenda ukashangaa kuona mtoto wa kiume wa kidato cha tatu akiandika habari za bedikava katika jarida la Chama cha Kiswahili. Wenzangu darasani wamekwisha kunicheka vya kutosha, eti ushonaji ni kazi ya wasichana. Mimi huwajibu wapande matatu waende Gikomba, wawahesabu mafundi waliokaa kwenye cherehani, kisha waje waniambie wangapi ni wasichana. Basi tuyaache hayo. Ninataka kueleza jambo moja tu, ambalo limewahi kutupunguzia unga nyumbani, nalo ni pindo linalopiga mawimbi.

Mamangu ana kibanda cha ushonaji hapa Maringo, si mbali na Barabara ya Jogoo. Shule yetu ni ya kutwa, kwa hivyo jioni na Jumamosi mimi huwa kibandani. Tunashona sare, tunapunguza suruali za mitumba, lakini kazi inayoleta pesa ya maana ni bedikava za viraka. Kina mama wa vyama vya mtaani hununua mabaki ya vitenge kwa mafundi wa Gikomba na wa soko la Uhuru. Wanayakata vipande vya mraba, wanaviunga wenyewe nyumbani hadi vinakuwa kitambaa kimoja kikubwa, halafu wanakizungushia utepe mpana wa rangi moja. Hapo ndipo wanatuletea sisi. Kazi yetu ni kukilaza kitambaa hicho juu ya pamba na bitana, kisha kupitisha mishono ya mashine juu ya tabaka zote tatu ili zishikane. Kwa kitanda cha futi tano kwa sita mama hutoza shilingi 1,800, nusu ukileta na nusu ukichukua.

Sisi wa Chama cha Kiswahili tuna bahati, kwa maana lugha yetu ina maneno ya mambo haya tayari. Tazama leso yoyote ile. Sehemu ya katikati huitwa mji, ukingo unaouzunguka huitwa pindo, na yale maandishi huitwa jina. Mimi na mama tumeyaazima maneno hayo: viraka vilivyoungwa ni mji wa bedikava, na ule utepe mpana ni pindo lake. Ila kuna tofauti kubwa. Leso huchapwa mji na pindo katika kitambaa kimoja, hakuna mshono kati yao, kwa hivyo pindo la leso haliwezi kugombana na mji wake. La bedikava linaweza, tena sana.

Ukitaka kujua kama limegombana, tandaza bedikava juu ya sakafu. Mji utalala tuli kama maji ya bwawa, lakini pindo litainuka na kushuka, litainuka na kushuka, kama bati la mabati ya nyumba. Ukikandamiza hapa, linatokea pale. Halitulii, kwa sababu kitambaa ni kingi kuliko nafasi kiliyopewa.

Sasa, sikiliza kisa cha mwaka juzi. Mama mmoja wa mtaa wa pili alituletea yake ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko. Tulipokea malipo ya kwanza, shilingi 900, tukashona siku mbili. Alipokuja kuchukua aliitandaza pale pale benchini, akaona mawimbi, akapaza sauti hadi watu wa kibanda cha chipsi wakatoka kutazama. "Fundi, hii ni nini umenifanyia? Nimekuletea kitu kizuri umeniharibia!" Mamangu alijaribu kumweleza kwamba pindo lilikuja hivyo. Wapi! Nani atamwamini fundi wakati kazi iko mikononi mwake? Yule mama aliondoka na bedikava yake, na zile shilingi 900 zilizobaki hatujaziona hadi leo. Kwa wiki nzima tulipima sukari kwa kijiko cha chai. Nilijifunza siku ile kwamba katika kazi inayopita mikono miwili, lawama hukaa kwa mkono wa mwisho.

Kwani mawimbi hutoka wapi? Nimeyachunguza sana, na kwa maoni yangu chanzo kikubwa ni hiki. Mtu akimaliza mji wake huchukua utepe mrefu wa pindo, anaanza kushona kutoka pembe moja, anaendelea tu mpaka pembe nyingine, kisha anakata kinachobaki. Hakupima. Anadhani mji wenyewe utamwonyesha kipimo. Lakini kumbuka mashine ina meno chini yanayosukuma kitambaa, na juu ina kile kichuma kinachokandamiza. Kitambaa cha chini huenda haraka kuliko cha juu. Pindo likiwa chini, meno yanalisukuma haraka kuliko mji ulio juu, linaingia likiwa refu kuliko nafasi yake. Likiachiliwa halina pa kwenda, linainuka.

Tena kingo za mji wenyewe ni za viraka vyenye mishono mingi, nazo zimekwisha kushikwashikwa na kuvutwa. Ukipima ukingoni utapata kipimo cha uongo. Kipimo cha kweli kiko katikati. Unaweka tepu katikati ya mji kutoka juu hadi chini, unapata, tuseme, inchi 72. Basi pindo la kushoto liwe 72 na la kulia liwe 72, hata kama ukingo wenyewe unakuambia 74. Unabana kwa pini katikati kwanza, halafu kwenye pembe, halafu robo robo, ndipo unashona. Upande ulio mrefu kidogo unauweka chini, karibu na meno, yaumeze.

Kuna na jambo la mabaki yenyewe. Kitambaa kina nyuzi za urefu, zinazoitwa mtande, na nyuzi za upana, zinazoitwa mshindio. Ukikivuta kufuata mtande hakivutiki sana. Ukikivuta kwa mshindio kinajipa kidogo. Lakini ukikivuta mshazari, yaani kutoka pembe hadi pembe, kinanyooka kama mpira. Mabaki ya Gikomba ni yale yaliyokatwa pembeni mwa sketi pana na makwapa ya gauni, kwa hivyo mengi yana kingo za mshazari. Mtu akiyaunga kuwa utepe wa pindo bila kutazama nyuzi, hata apime vipi, pindo lake litarefuka akilipiga pasi. Ndiyo maana mama huwashauri wateja viraka viwe vya mabaki, lakini pindo walikate katika kitenge kizima, kwa kufuata urefu wake. Yadi sita zinatosha na kubaki.

Baada ya kisa cha shilingi 900 tulibadilisha utaratibu. Nilinunua daftari la kurasa 96, na hakuna bedikava inayopokewa siku hizi kabla haijatandazwa na kupimwa mwenyewe akiona. Naandika mji katikati, pindo kila upande, na tofauti. Mteja anatia sahihi. Kazi ya kupima ni yangu, na hapo ndipo penye taabu ambayo tepu haiwezi kuitatua. Mimi ni mtoto wa miaka kumi na sita. Nitamwambiaje mtu mzima, rika la nyanyangu, kwamba kitu alichokishona miezi mitatu usiku kwa taa kimepinda?

Mwaka jana, Jumatatu moja ya Agosti, alikuja shosho mmoja anayeuza mboga karibu na kituo cha basi. Mjukuu wake alikuwa anaolewa Jumamosi. Bedikava ilikuwa ya buluu na manjano, na nasema kweli sijaona nyingine iliyopangwa rangi kwa ustadi kama ile. Tulipoitandaza moyo wangu ulianguka. Mji ulikuwa inchi 72, pindo moja 75 na lingine 75 na nusu. Mama hukadiria kwamba inchi moja tunaweza kuimeza bila mtu kujua. Tatu hazimezeki. Ukizipitishia mashine tu, yale mawimbi yanalazwa na kushonwa yakawa mikunjo, na mkunjo ulioshonwa hauondoki hata kwa pasi ya moto wa jehanamu.

Nikataka kumsomea namba, nikakumbuka kwamba shosho hasomi tepu. Basi nikachukua uzi wa sufi. Nikamwomba, "Shosho, tafadhali nishikie hapa juu," nikaunyoosha katikati ya mji hadi chini nikaukata. Kisha tukaulaza ule uzi juu ya pindo, yeye akiwa bado ameshika mwanzo wake. Uzi uliisha, pindo likaendelea. Akaweka vidole vyake vinne kwenye ile nafasi iliyobaki, vikaenea sawasawa. Alinyamaza kitambo. Halafu akasema, "Kumbe ni hiki kilikuwa kinanisumbua. Nikidhani ni macho." Hakuna aliyemwambia amekosea. Uzi ndio uliosema.

Ilibaki kuamua la kufanya. Dawa ya uhakika ni moja tu, kufumua pindo na kulirudisha kwa kipimo, na hiyo ni kazi ya siku nzima. Nilisema tutoze shilingi 300 zaidi. Mama akakataa kabisa. "Utamtoza shosho? Yeye ndiye alikuwa akinikopesha sukuma wiki ukiwa mtoto." Mimi nikamwambia kwa heshima kwamba pesa ya chakula cha mchana shuleni haitolewi kwa mkopo wa sukuma. Tulibishana hadi usiku. Mpaka sasa sijaacha kuamini kwamba kazi ni kazi na ina bei yake, na fundi anayefumua bure atafumua bure maisha yake yote. Lakini tazama lililotokea. Jumanne asubuhi shosho alifika kabla ya mama kufungua, akaketi kwenye benchi, akatoa wembe, akafumua mwenyewe mapindo yote mawili huku akiwauzia watu mboga kutoka kwa kikapu alichokuja nacho. Saa nane alikuwa amemaliza. Hakutoza mtu, hakutozwa.

Kurudisha pindo lililokwisha kuvutika kuna njia yake. Kwanza mama alitaka kujua kitenge ni cha namna gani. Unachomoa uzi mmoja na kuuchoma. Ukiungua ukawa jivu lenye harufu ya karatasi, ni pamba. Ukiyeyuka na kuganda kama shanga, ni poliesta. Kile kilikuwa pamba, afadhali, kwa maana pamba hurudi kidogo ikipata mvuke. Tuliweka kitambaa kibichi juu ya pindo, tukaweka pasi ya makaa na kuinua, kuweka na kuinua. Usiburute! Kuburuta pasi ndiko kunakorefusha. Mvuke ulirudisha karibu nusu inchi. Kilichozidi tulikata kwa kipimo cha mji, tukabana kwa pini, tukashona.

Wakati mwingine hakuna nafasi ya kufumua, mteja hataki au harusi ni kesho, na tofauti ni ndogo. Hapo unapitisha mshono mrefu na mlegevu ukingoni mwa pindo, unavuta uzi taratibu hadi urefu ushuke, na kile kitambaa kilichozidi unakigawa kote kisikusanyike mahali pamoja. Pamba iwe nene, kwa kuwa unene huficha mengi. Na mishono ya pindo iwe karibu karibu kuliko ya mji. Lakini huo ni ujanja, tena una mpaka. Kwa inchi tatu hausaidii kitu.

Nilipokuwa katika maktaba ya Kaloleni nilisoma habari za Wasidi wa India, watu ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi wao kutoka pwani hii yetu ya Mashariki, wengine kama watumwa, wengine mabaharia na askari. Wale wa Gujarat ngoma yao bado wanaiita goma. Wanawake wa Kisidi wa jimbo la Karnataka hushona bedikava za viraka ziitwazo kawandi, na namna yao ilinifanya nifunge kitabu nifikiri. Hawaanzi na mji kama sisi. Wanatandaza bitana kwanza, aghalabu sari kuukuu, wanaanzia pembeni kabisa, wanashona kwa mkono viraka vya ukingo, wanazunguka na kuzunguka hadi wanakutana katikati. Pembe nne wanazitia viraka vilivyokunjwa vinavyoitwa phula, yaani maua. Umeona hapo? Pindo lao ndilo la kwanza, nalo linashonewa juu ya bitana ambayo imekwisha kukatwa kwa kipimo. Litapigaje mawimbi? Nilimweleza mama, akacheka, akasema ni vizuri, ila kastoma wa Maringo hawatakubali kungojea mkono wakati mashine ipo.

Ile bedikava ya harusi ilichukuliwa Ijumaa jioni, pindo limelala. Shosho alilipa nusu yake iliyobaki kwa sarafu nyingi, nikazihesabu mara mbili.

Mwezi uliopita amerudi na nyingine, ya mjukuu wa pili. Kabla sijatoa tepu, alitoa mfukoni uzi wa mkonge wenye mafundo mawili. Fundo la kwanza ni urefu wa mji, fundo la pili ni upana, zote zimepimwa katikati, tena kwake nyumbani. Tukapima pande zote nne kwa uzi wake. Tatu zilikuwa sawa kabisa. Upande wa nne ulikuwa umepungua nusu inchi, na shosho akaanza kutafuta wembe. Mama akamzuia mkono, akamwambia huo tutaumeza, nami nikaandika daftarini.